Tundu la Kiasi Kinachofaa

Shangazi yangu hutengeneza pampu za maji, na hapendi kuangaliwa mikono. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake: mlango wa bati, meza ya mbao iliyokunywa grisi miaka ishirini, na mota zilizofunguliwa zikisubiri zamu ukutani. Mteja akija anapewa kiti na maneno mengi, maana Shangazi ana mdomo. Lakini kazi ikifika pale anapopajua yeye peke yake, mteja hutumwa dukani kununua utepe wa kufungia bomba. Droo ya meza imejaa utepe huo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwombe mtu ageuke tu.

"Ukimwambia ageuke, atachungulia," akasema. "Ukimtuma, ataenda."

Ndivyo alivyolelewa kikazi. Fundi aliyemfundisha naye alimtuma dukani miaka minne, mpaka macho yalipomwishia ndipo akamwita amwonyeshe. Mafundi wa pampu ninaowajua mimi wote wako hivyo, wachoyo wa siri kuliko wa chakula.

Siri yake kubwa ilikuwa hii. Maji yakiisha kisimani, pampu huzunguka kavu na mota huungua. Shangazi alichoka kusuka upya mota za watu kwa kosa lile lile, akabuni kikombe kidogo cha plastiki cha kufunga kwenye bomba la kuvutia maji. Ndani kuna boya; maji yakiisha, boya linashuka na umeme unakatika. Wengine walishajaribu kitu cha namna hiyo, lakini hewa kidogo tu ikipita kwenye bomba, pampu ilizimika ovyo na mwenye nyumba akatukana. Cha Shangazi hakikuizima pampu ovyo. Alikitoboa ubavuni tundu la milimita mbili na nusu, lililoinama nyuzi thelathini, hewa ikatokea hapo bila kulishtua boya. Tundu hilo lilimla miaka mitatu na vikombe ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Kuomba hataza lilikuwa wazo langu, nakiri. Mimi ni karani wa shule, najua nguvu ya karatasi. Nilimweleza kwamba hataza ni cheti cha serikali: kinasema kitu hiki amekibuni fulani, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Alikuwa anakaribia miaka sitini, magoti yanamsumbua, na alitaka kitu kimoja duniani kiitwe chake. Maombi yalihitaji michoro, na michoro tukampa baba yangu. Baba ni mdogo wake Shangazi, tumbo moja, na ni mchoraji wa mashine katika kiwanda cha pampu.

Siku aliyokuja kupima, hakutumwa dukani. Shangazi alitoboa mbele ya macho yake, mimi nimeshika ndoo ya maji ya kujaribia.

"Umeona pembe hiyo, mdogo wangu? Hapo ndipo penye roho yake. Lakini kwenye mchoro usiandike vipimo."

Baba akapima, akaandika kwenye daftari lake, akapima tena. "Dada, wewe ni kichwa," akasema. Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Michoro ilichukua miezi minane. Mara mkono unamuuma, mara kazi zimembana, mara hajapata karatasi nzuri. Shangazi hakununa hata siku moja. Alimpelekea dawa ya kuchua mkono.

Tukiwa tunasubiri, tukaandika madai, ile sehemu ya maombi inayotaja hasa ni kipi unachokidai kuwa chako. Hapo tuligombana. Nilitaka kuandika milimita na nyuzi. Yeye akanitajia: "Tundu la kiasi kinachofaa, mahali panapofaa."

"Shangazi, kinachofaa ndiyo kiasi gani?"

"Kinachofaa ni kinachofaa. Ofisi ile ina watu wangapi? Nimwage siri yangu mezani kwa watu nisiowajua hata kwa sura?"

Nikabishana kidogo, kisha nikachapa alivyotaka. Mpaka leo najilaumu. Mwenye ulimi kama mimi sijui siku ile niliuweka wapi.

Jibu lilikuja mwaka na ushei baada ya kupeleka maombi. Nilimsomea pale pale karakanani, mlango umeegeshwa. Madai yote sita yamekataliwa. Sababu ya kwanza, maneno hayako wazi: "kiasi kinachofaa" hakimwambii mtu afanye nini. Shangazi akaguna. Sababu ya pili, madai yanaingiliana na hataza iliyoombwa mapema na mtu mwingine, namba fulani. Tumepewa siku sitini za kujibu.

"Nani mwingine?" akauliza. "Mwongo huyo."

Kesho yake niliitafuta namba ile kwenye kompyuta ya shule. Kikombe kilikuwa kile kile, boya lile lile. Dai la kwanza lilisema tundu lenye kipenyo cha milimita mbili na nusu, lililoinama nyuzi thelathini. Limeandikwa wazi kabisa, hata mimi ningelitengeneza. Mwombaji ni kiwanda cha pampu. Mbunifu ni baba yangu.

Nilitazama tarehe. Maombi ya kiwanda yaliingia mwezi wa tatu wa ile minane, wakati mkono wa Baba unauma na Shangazi anamnunulia dawa. Nikaenda kusimama uani mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Kumwambia Shangazi ilikuwa kazi nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesoma vibaya. Nikamwonyesha karatasi. Akasema labda ni mtu wa jina moja na baba yangu. Nikamwonyesha sahihi, ile yenye mkia mrefu anayoijua tangu Baba akiwa darasa la tatu. Akaichukua karatasi, akaiangalia muda mrefu, akanirudishia imekunjwa vizuri.

"Nimewaficha watu wote," akasema. "Nikamwachia yeye tu."

Nilipiga simu ofisi ya hataza. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba kama kilichobuniwa kilichukuliwa kwa Shangazi, tulete maelezo ya kiapo: nani alimwonyesha nani, lini, wapi, na shahidi aliyeona. Shangazi alikataa kusikia habari ya kiapo. Akamwita Baba kwanza.

Baba alikuja na viatu vipya. Siku hizi ni mkuu wa chumba cha michoro. Shangazi hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko matusi yake yote niliyowahi kuyasikia.

"Sitaki kingine," akasema. "Niandikie karatasi moja useme tundu lile ulionyeshwa na nani."

"Dada, nitafukuzwa kazi. Walikuwa wanapunguza watu, nikawapelekea kitu. Ningefanyaje? Na wewe mwenyewe ulikuwa umelikalia tu. Ungelizeekea. Mimi angalau nimeliandika kwa maneno."

"Dawa ya mkono ilikufaa?"

Baba akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ile ya kunituma kitu nyumbani: "Na wewe siku ile hukuwepo, sawa?"

Miaka thelathini na miwili nimemwita mtu huyu Baba. Nilimtetea kwa mama, nikamtetea kwa wadai, na sasa alikuwa ananiomba niifute ndoo niliyoishika kwa mikono yangu. Iliniuma kuliko wizi wenyewe. Nikamwambia, "Nilikuwepo, Baba. Ulinikanyaga mguu." Akachukua kofia yake akatoka, hakuniaga, na wala hakumuaga dada yake.

Siku ya hamsini na tatu nilileta kompyuta karakanani. Safari hii Shangazi alinitajia kila kitu: milimita, nyuzi, aina ya plastiki, uzito wa boya. Alitaja haraka haraka, hakuficha chochote, kwa kuwa hakikubaki cha kuficha. Tukafika kwenye kiapo. Nikaandika tarehe, nikaandika mahali, nikaandika kwamba mimi ndiye shahidi.

"Hapa panataka jina la aliyeonyeshwa," nikasema.

"Andika ndugu mmoja."

"Hawatakubali, Shangazi."

"Andika basi mchoraji."

"Wachoraji ni wengi. Maombi yatarudi tena."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa hakuwa ameshika grisi siku hiyo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akanitajia jina la mdogo wake, majina yote matatu, taratibu, herufi kwa herufi, kana kwamba mimi sijui baba yangu anaitwaje.