Mbithe, Mashine ya Magoti na Wimbo Usiokatwa

Mke wangu Mbithe hajui kuacha kitu katikati. Akianza kupepeta pojo atapepeta mpaka ziishe, hata kama mvua inamnyeshea. Akianza kukugombeza, wewe tafuta tu kiti ukae. Mimi Mulinge ni fundi wa baiskeli na pikipiki hapa sokoni Mbumbuni. Nilimuoa nikiwa bado na nywele, na sijawahi kumshinda kwa jambo lolote.

Watu wa hapa wanamjua kwa sauti yake. Tuna mwethya, yaani majirani wanaofanya kazi pamoja: leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho la yule, na wakati wa kiangazi wanashuka mtoni kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia mchanga, ili maji yabaki ndani ya mchanga mvua ikiisha. Mawe yanapita mkono kwa mkono, na kazi yote inaendeshwa na wimbo. Tangu Mbithe aletwe hapa bibi arusi kutoka upande wa Mutomo, yeye ndiye huuanzisha. Na kuna sheria moja: hutui jiwe kabla wimbo haujaisha. Ukitua, unaimbwa wewe, jina lako na uvivu wako, mpaka jioni. Mimi nimewahi kuimbwa na sitaki kuulizwa habari hizo.

Basi magoti yakaanza. Kwanza aliteremka ngazi za kanisa kiubavuubavu. Kisha akashindwa kupiga magoti, akawa anaomba akiwa amekaa kwa benchi, na hilo lilimchoma kuliko maumivu yenyewe. Kikundi kilipoanza ukuta mpya, mahali ambapo njia ya kushuka ni mteremko mtupu, wakamwambia kwa upole, "Mama Mutanu, wewe baki huku juu utupikie uji."

Uji! Mbithe wangu! Wimbo akapewa jirani yetu Ndululu. Ndululu ni mama mwenye roho safi kabisa, lakini akiimba utadhani kuku amekanyagwa. Mbithe alishinda pale juu akikoroga uji na kusikiliza nyimbo zake zikiharibiwa huko chini. Alirudi nyumbani, akala, akalala, hakusema neno. Nilikuwa nimezoea kelele zake miaka yote hiyo, na kimya kile kiliniogopesha sana.

Nikampigia simu binti yetu Mutanu, ambaye anafanya kazi Kitui mjini. Haikupita wiki, akafika na pikapu. Nyuma kulikuwa na mashine aliyoinunua kwa jimu ya mazoezi iliyokuwa inafungwa. Ni kiti cha chuma. Unakaa, unapitisha miguu nyuma ya mto mdogo wa mviringo, unainua miguu mpaka inyooke mbele yako, na vyuma vya uzito vinapanda huko nyuma.

"Inatia mapaja nguvu, Mwaitu," Mutanu akamwambia mamake. "Lakini anza bila uzito, na uende polepole."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Mutanu alipoondoka kurudi Kitui, vumbi la ile pikapu halijatulia, akina mama wa mwethya wakajaa kwa karakana yangu. Ndululu akaizunguka mashine, akaicheka. "Ati hiki ndicho kinaitwa kazi? Kuketi na kurusha miguu?" Akaenda akajaza mtungi mchanga nusu, akaufunga kwa kamba juu ya vile vyuma. Mwingine akatoa simu arekodi. Mbithe akakaa na kuanza wimbo, na hakuchagua mfupi. Alianza ule wa kusifu ukoo mzima, babu mmoja baada ya mwingine, huku akiinua miguu kwa kila jina, na wenzake wakimuitikia na kupiga makofi.

Mimi nilikuwa naziba pancha pale kando. Nikaona uso wake umebadilika.

"Mbithe, tua!" nikapiga kelele.

Hakutua. Alifika mpaka kwa babu wa mwisho.

Asubuhi magoti yalikuwa yamevimba, hawezi hata kuteremka kitandani. Hasira zilinipanda, nikachukua msumeno wa chuma. "Hii takataka naikata leo leo, niiuze vyuma vikuukuu!" Mutanu alikuwa kwa simu ananililia mimi babake, "Nau, mimi ndiye nimemharibu mama." Mbithe akaita kutoka chumbani, "Baba Mutanu, ukigusa mashine yangu, utajipikia muthokoi mpaka Yesu arudi!"

Nikaweka msumeno chini, nikamtafutia gari la hospitali.

Daktari wa mazoezi alikuwa dada wa Kisomali anayeitwa Ijabo. Aliyabonyeza yale magoti, akayakunja na kuyanyoosha, kisha nikamuonyesha ile video. Alipoona mtungi wa mchanga alijifunika mdomo kwa hijabu, mabega yakawa yanatikisika.

"Daktari, niambie ukweli," nikasema. "Hii mashine ni salama ama inamaliza watu magoti?"

"Baba, kwa hii karakana ya video, wewe si ni fundi? Pikipiki ni salama?"

"Hiyo inategemea anayeiendesha, na amepakia watu wangapi."

"Hata hii ni hivyo hivyo." Akamgeukia Mbithe. "Mama, magoti yako yamechakaa kidogo kwa umri, lakini hakuna kilichovunjika. Hii mashine inaelemea sana pia ya goti, hasa ukiweka uzito mwingi na kurusha miguu. Pumzika kwanza uvimbe ushuke. Halafu anza kwa kuinuka kitini na kukaa polepole, na kupanda kidato kifupi cha ngazi. Mashine utairudia baadaye, bila mchanga. Goti likae sawa na bawaba ya mashine, uinue pale tu pasipouma, na ushushe taratibu. Ukisikia uchungu kidogo, usiogope. Lakini ukiamka kesho yake goti limevimba, jua umezidisha. Na usikae bure, kukaa bure ni kubaya zaidi." Akanyoosha kidole kwenye ile video. "Lakini nieleze. Ulipoumwa vile, mbona hukuacha?"

Mbithe akamtazama kwa mshangao. "Wimbo ulikuwa haujaisha."

Ijabo akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Basi tunga mfupi," akasema.

Akautunga, na kuhusu nani tena? Kuhusu mimi. Ni wa mzee fulani na msumeno wake, na unaisha kabla sijatoa tairi. Akawa anauimba asubuhi na jioni, kwanza kwa kiti cha jikoni, baadaye kwa mashine. Nilisikia jina langu likichekwa karakana nzima, na wallahi nilifurahi, maana kelele zilikuwa zimerudi nyumbani.

Siku ya kumalizia ukuta, mawingu yakianza kukusanyika, Mbithe akafunga leso. "Leo nashuka."

Nikamfuata nimebeba kigoda, roho mkononi. Aliteremka akipima kila hatua, akafika chini, vigelegele vikajaa mtoni. Ndululu akampisha mara moja. "Njoo uchukue mzigo wako, koo langu limekwisha!"

Mbithe akaanzisha wimbo wa ukoo, ule mrefu. Mawe yakaruka. Tulipofika katikati nikauona tena ule uso wa siku ya mtungi. Nikasimama. Tua, mke wangu, nikasema moyoni, tafadhali tua. Sikupiga kelele kwa sababu namjua.

Jina la babu mmoja likakatika mdomoni mwake. Akaweka jiwe chini.

"Tupumzike," akasema.

Mawe yakabaki mikononi mwa watu. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Nikangoja waanze kumuimba, ngumi nimekunja, mzee mzima!

Ndululu akaachia jiwe lake, akajitupa mchangani, akanyoosha miguu. "Aiya, Mbithe! Magoti yangu yananiua tangu mwaka juzi! Nilikuwa naogopa kuimbwa na wewe!"

Mama mwingine akakaa, ameshika goti. Mwingine akafuata. Kabla hatujajua, mstari wote umeketi chini, kila mtu anasugua magoti yake na kucheka mpaka machozi yanatoka.

"Kwani nyote?" Mbithe akauliza.

"Sote!"

Akakaa juu ya kigoda changu akifuta macho, hata sijui kama alikuwa anacheka ama analia. Mimi nilikuwa nalia.

"Lakini Baba Mutanu," akasema, "kama mimi niko huku, uji uko na nani?"

Wote wakanigeukia. Nikaupanda ule mteremko peke yangu kwenda kukoroga uji, na magoti yangu yalisema nini njiani, hayo siwaambii.