Mama Dozi na Tumbo la Kidoti

Duka la dawa na kibanda changu cha ushonaji vinagawana ukuta mmoja wa mbao, na mbao hizo hazizuii kitu. Nikisema nayajua mambo ya jirani yangu, sina maana kwamba nayachungulia. Nayasikia tu, hata nikikanyaga cherehani kwa nguvu. Mtaa mzima unamwita Mama Dozi, naye hajawahi kulikataa jina hilo. Mteja hajamaliza kueleza maradhi yake, yeye keshashika chupa. Siku moja nilimwambia nimechoka na maisha. Akaniuliza kama uchovu huo unanijia kabla ya kula au baada ya kula, akafungua droo.

Basi usishangae kwamba binti yake, tunayemwita Kidoti kwa ajili ya alama ndogo ya shavuni, alilelewa kwa kijiko cha dawa. Mama huyu aliwahi kuwa mhudumu wa wodi ya watoto, na aliyoyaona kule yalimtia hofu ambayo haikumtoka tena. Kidoti akipiga chafya, ananyweshwa dawa ya kuua bakteria. Dawa ikimharisha, anapewa nyingine. Nikisema ulikuwa uzembe nitakuwa mwongo. Mzembe hamgusi mtoto paji la uso kila akipita karibu naye.

Kidoti alipoonjeshwa yai kwa mara ya kwanza, midomo ilivimba, mwili ukajaa vipele, kifua kikawa kinatoa mlio kama filimbi. Alikimbizwa hospitali, akapona. Baadaye ikawa maziwa, kisha karanga. Alipoanza shule akawa anakula peke yake kwenye dawati la pembeni, na wenzake wakakatazwa kumgusa kabla hawajanawa mikono. Kakosa nini mtoto yule hata atengwe?

Baba yake ni dereva wa malori, nyumbani anapita kama mgeni, hivyo siku ya kuonana na daktari wa watoto nilimsindikiza mimi. Daktari alikuwa mtu mpole, anaeleza taratibu.

"Mama, tumboni mwetu mna bakteria wengi, na si wote adui. Baadhi yao ni kama walimu. Wanaufundisha mwili wa mtoto kutofautisha chakula na adui."

"Wadudu ndio walimu?" akauliza Mama Dozi. "Daktari, mimi kazi yangu ni kuuza dawa za kuua wadudu."

"Ndio hao hao. Wakiuawa mara kwa mara mtoto angali mchanga, huenda mwili ukalikosa somo hilo. Watafiti wameuona uhusiano. Lakini kwa huyu mtoto wako, siwezi kukuapia kwamba ni dawa. Wapo waliokunywa nyingi na wanakula kila kitu. Wapo ambao hawakunywa hata tone, na mzio wanao."

Nilidhani hayo yatamfariji. Wapi! Mtu ukimwambia "ni wewe" atalia, mwisho atanyamaza. Huyu aliambiwa "huenda ni wewe", akabaki amekodoa macho.

"Basi nipe dozi ya kuwarudisha," akasema.

Daktari akamjibu kwamba bado haijapatikana anayoweza kuiamini. Mumewe alipopigiwa simu alisema, "Si wewe ndiye mwenye dawa?" Akakata.

Tangu hapo Mama Dozi aliapa kwamba dawa ya kuua bakteria haitapita tena kooni mwa Kidoti. Akawa anampikia maharage na mboga za kila aina, na mtoto aliyekuwa akifutwa vidole kutwa sasa akaachiwa acheze chini na wenzake. Nikamtania, "Mama Dozi, leo binti ana udongo mpaka masikioni!"

"Mwache, Fundi. Yuko darasani."

Tulicheka sana siku ile. Na kweli, baada ya muda mrefu hospitali ilimjaribu kwa kipande kidogo cha keki yenye yai lililoiva sawasawa. Wakamkalisha, wakamwangalia. Hakuvimba. Mama Dozi aliingia kibandani kwangu akicheza katikati ya nguo za watu. "Amekula keki, Fundi! Mwanangu amekula keki!" Aliruhusiwa kumpa kipande kama kile nyumbani, na Kidoti akawa anakila taratibu, kwa ncha za meno, kichelewe kuisha.

Kisha kikaja kikohozi. Mwanzoni kilikuwa cha kawaida, baadaye kikawa kizito, na homa juu. Nilikuwa nakisikia ukutani, na kabati zima la dawa liko palepale. Hasira zikanipanda, nikaenda.

"Dada yangu, mtoto anaungua hivi, unangoja nini?"

"Nangoja mwili wake upigane. Nikimpa, nitawaua tena. Ndiyo kwanza wamerudi."

"Umewaona wapi hao waliorudi?"

"Wewe shona nguo, Fundi."

Nilipomwona mtoto anavuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani, sikumngoja mama yake. Nikambeba. Akatufuata mbio, peku. Hospitali wakasema ni nimonia, wakamchoma sindano za dawa ileile iliyoapiwa. Mama Dozi akamshika daktari mkono. "Na wale bakteria?"

"Kwanza apumue, Mama."

Akapumua, tunashukuru. Alirudi nyumbani na chupa ya kumalizia dozi, na mama yake ndiye aliyemnywesha. Kidoti akafungua mdomo bila ubishi. "Nikimaliza hii, naendelea na keki yangu?"

Alipopata nguvu, daktari alitaka aijaribu keki palepale hospitali, pana msaada karibu. Kipande kilekile. Midomo ikavimba. Pengine ni dawa, pengine ni ugonjwa wenyewe, pengine ingetokea tu. Daktari hakujua, wala hakujifanya anajua. Mama Dozi hakulia mbele ya watu. Siku hizi mteja akija na mtoto mwenye mafua, anamtazama mtoto, anatazama kabati, na wengi huchoka kungoja wakaenda duka jingine.

Jana nimewapelekea gauni la shule, nikawakuta mezani. Kidoti sasa hali kitu mpaka mama yake aonje kwanza. Mama alikula kijiko cha wali mkavu, na mtoto akamkazia macho midomoni muda mrefu, anangoja.

"Wewe huvimbi, Mama," akasema. "Navimba mimi tu."