Mama Mvuke na Hoja ya Ngazi

Kabla hajawa diwani, alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, hakina hata dirisha, na mvuke ulitanda humo mchana kutwa hadi watu wakawa wanatambuana kwa sauti. Wenzake wakamwita Mama Mvuke. Jina likamganda, akatoka nalo kama alivyotoka na makovu ya pasi mikononi.

Siku bomba la maji ya moto lilipopasuka na kumbabua mwenzao mgongo, meneja alishuka, akatazama, akauliza kama mashuka ya wageni yamesalimika. Mama Mvuke alizima pasi yake. Aliyekuwa jirani naye akazima ya kwake, kisha mwingine, mpaka chumba kikawa kimya na mashuka ya hoteli nzima yakabaki yamelowa. Meneja akatisha, akabembeleza, akaapa kwa marehemu mama yake. Hawakurudi kazini mpaka bomba jipya lilipofungwa na mwenzao akapelekwa kutibiwa. Uchaguzi ulipofika, ni hao wafuaji waliopita nyumba kwa nyumba kumwombea kura.

Ofisi yake ya udiwani ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mumewe, ambaye ni kinyozi. Wateja wa mume na wenye shida wa mke walikalia benchi moja, na zaidi ya mara moja mtu aliyekuja kulalamika kwamba ametupiwa vyombo nje aliondoka amenyolewa.

Benchi lile halikukosa mtu kutoka jengo moja la ghorofa lililokuwa nyuma ya soko. Jengo lilikuwa na njia moja tu ya kupandia, ngazi, nazo zilikuwa zimekwisha. Reli ya kushikilia ilikuwa imeng'oka, pakafungwa kamba. Pale ambapo kidato kilikuwa kimemeguka, watu waliruka kwa mazoea, hata wakiwa na ndoo kichwani. Mwenye jengo walimwita Mzee Kesho, maana kila alipoombwa atengeneze, alijibu kwa upole, "Kesho, wanangu, kesho." Dada mkubwa wa Mama Mvuke, fundi cherehani aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliishi humo ghorofa ya pili. Juu kabisa aliishi bibi mmoja aliyepooza miguu. Alikuwa akishusha kikapu kwa kamba kununua mboga, akizungumza na mtaa mzima kutoka huko juu, hata wakamwita Bibi Dirisha.

Mpangaji mmoja alipoteleza akavunjika nyonga, Mama Mvuke hakungoja tena. Alisimama barazani akatoa hoja: mhandisi wa jiji akakague, aseme kama ngazi zile ni salama au si salama. Alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Hoja ikapita. Wapangaji waliojaa nyuma ya ukumbi walipiga vigelegele, na dada yake akamfuta jasho kwa ncha ya khanga mbele ya madiwani wote, kama mtoto.

Mhandisi akaja, kijana mpole wa maneno machache. Aligonga gonga kwa nyundo, akaweka sikio ukutani, akashuka. Kisha akachora alama kubwa nyekundu mlangoni na kutangaza: si salama, watu wote watoke kabla mwezi haujaisha.

Asubuhi iliyofuata Mzee Kesho aliingia dukani kwa kinyozi amevaa kanzu iliyonyooshwa vizuri. Akamshika Mama Mvuke mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema. "Wale watu nimehangaika nao miaka. Ningewatoa mimi ningeitwa katili. Umenitolea wewe, tena kwa makofi."

"Mzee, mimi sikuomba watolewe. Niliomba ngazi."

"Basi umepata zaidi ya ulichoomba." Akacheka, akaomba anyolewe ndevu.

Mama Mvuke alijaribu kukasirika, hasira isije. Mwenye jengo amshukuru yeye? Alimtazama mumewe akipaka povu kidevu cha yule mzee, akashindwa hata kumwambia asimnyoe.

Alikwenda kwenye jengo moja kwa moja. Mlangoni watu walikuwa wamezingira ile alama nyekundu. Mwanamke aliyempigia vigelegele juzi alimgeuzia mgongo. Akaruka kile kidato, akabisha kwa dada yake. Mlango ulifunguliwa kidogo.

"Dada, naomba nikueleze."

"Unieleze nini, mdogo wangu? Hapa ndipo nilipokulelea. Cherehani yangu niipeleke wapi? Wateja wangu wote wako ngazi hizi hizi."

"Lakini ngazi ni mbovu, dada. Zikianguka na nyinyi juu yake?"

"Zilikuwa mbovu jana. Jana nilikuwa na nyumba." Dada akafunga mlango, si kwa kishindo, polepole, na hilo ndilo lililomuumiza.

Siku zile, kila upande aliogeukia aliona ana haki na ana kosa. Akipinga amri ya kuhama, halafu ngazi zishuke na watu, damu yao itakuwa juu yake. Akiitetea, basi amewafukuza kwa mkono wake mwenyewe. Alimuuliza mumewe.

"Waache wahame, uhai kwanza," kinyozi alisema akinoa wembe. Kisha akafikiri. "Ingawa mtu asiye na pa kulala naye ana uhai gani? Wapiganie wabaki."

"Sasa nishike lipi?"

"Mke wangu, mimi kazi yangu ni vichwa kwa nje tu."

Akarudi kwenye jengo, akapita mlango kwa mlango kuuliza watu wanataka nini. Alidhani atapata jibu moja ambalo angelibeba hadi barazani. Wa chini, ambao hawapandi ngazi, walitaka kubaki. Mama mmoja mwenye watoto wadogo alimnong'oneza kwamba anashukuru, anahama, ila asiwaambie majirani. Mume wa mama huyo, aliyekuwa chumba hicho hicho, alisema hahami hata kwa mtutu. Yule aliyevunjika nyonga alisema, "Mimi nilitaka reli tu, mheshimiwa. Reli."

Bibi Dirisha alimpokea kwa kicheko. "Ngazi mimi zinanihusu nini? Tangu nipooze sijazikanyaga. Mnagombana ziwe nzima au mbovu, hakuna aliyeniuliza kama nataka kushuka."

"Unataka kushuka, bibi?"

Bibi alianza kuikunja kamba ya kikapu. "Hebu nifikirie. Umeniuliza ghafla."

Mama Mvuke aliteremka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyopanda.

Kikao cha baraza cha kuijadili amri ile kilipofika, ukumbi ulijaa tena, safari hii bila vigelegele. Alisimama, akaanza kusema ngazi ni mbovu, akageuka kusema watu wana haki ya kubaki. Madiwani wakaanza kunong'onezana.

"Mheshimiwa," mwenyekiti alisema, "unaiunga mkono hoja yako au unaipinga?"

"Sijui."

Kicheko kikapasuka. Yeye hakucheka. "Kweli sijui, mwenyekiti. Nilijua nilipoanza. Naomba mhandisi aitwe, maana kuna jambo sielewi, na naona aibu kwamba sikuliuliza mapema."

Mhandisi akaja mbele.

"Mwanangu, kibovu ni ngazi, au ni jengo?"

"Ni ngazi, mheshimiwa. Kuta na sakafu ni imara."

"Sasa mbona watoke wote?"

Kijana alikunja uso, naye pia kama aliyeshangaa. "Hoja ilisema niseme kama ni salama au si salama. Si salama. Na pasipo na njia salama ya kutokea, sheria inataka watu waondoke. Ningeulizwa nini kifanyike, ningesema zifungwe ngazi za chuma kwa nje, hizi zibomolewe, na watu wakae humo humo."

Mama Mvuke alikaa chini. Maneno ya ile hoja yalikuwa yake, neno kwa neno.

Mabishano yalikuwa marefu, na Mzee Kesho alisimama mara kadhaa kudai jengo ni lake. Mwishoni amri ikabadilishwa: akafunge ngazi za chuma, la sivyo jiji litafunga na kumdai yeye. Alipotaka kusema kesho, ukumbi mzima ulimtangulia kulisema.

Ngazi za chuma zikafungwa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha hama kwa hofu ya ile alama, na vyumba vyao vikaingia wengine. Mama mwenye watoto alikwenda zake, na mumewe akamfuata akinung'unika. Bibi Dirisha aliomba ahamishiwe chini. Wafuaji wa hoteli walikuja kumbeba, na kabla wiki haijaisha akawa analalamika kwamba chini hakuna upepo wala habari. Mtaani, mtu mmoja alimwita Mama Mvuke mkombozi, na hatua chache mbele mwingine akamsonya. Hakujua amwamini nani. Alimwitikia kila mmoja.

Dada yake alikuwa miongoni mwa waliohama. Alikwenda kuishi kwa binti yake, nje kidogo ya jiji, na kwa muda mrefu hakuleta salamu. Kisha mchana mmoja alitokea dukani, akamsalimu shemeji yake, akaketi kwenye benchi kati ya wanaongoja kunyolewa. Mama Mvuke alitoka chumba cha nyuma, asijue akae au asimame.

"Nimepita pale," dada alisema. "Nimezipanda. Hazitikisiki kabisa. Umefanya jambo zuri."

"Asante, dada."

"Ila sijakusamehe."

"Sasa dada, ni zuri au si zuri?"

"Ni zuri. Na sijakusamehe." Alisema bila ukali, kama anayepima kitambaa. "Binti yangu ananipikia vizuri. Lakini pale si kwangu."

Wakakaa. Walizungumza habari za wajukuu, bei ya nyuzi, na meno ya dada yanayomsumbua. Jua lilipoinama, Mama Mvuke alimbebea mfuko hadi kituoni. Njiani walikuta shimo la maji machafu. Mama Mvuke akasita, hajui kama amshike mkono au amwache apite mwenyewe. Dada ndiye aliyeushika mkono wa mdogo wake, akashikilia palipo na makovu, na wakavuka.