Trafiki wa Koti la Kuazima

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu Kibondo, na niliamini sauti yangu inaweza kusimamisha chochote. Wanafunzi ndio walionidanganya, kwa kunyamaza kila nilipokohoa.

Asubuhi moja nilikuwa natoka Kasulu na mke wangu, muuguzi. Tulipopita kona kali tukakuta pikapu imepinduka na utingo wake amelala katikati ya barabara. Mke wangu akapiga magoti vumbini, akamshika kichwa kwa mikono miwili ili shingo isicheze. Simu hazikuwa na mtandao, hivyo dereva wa gari tulilopanda akaenda kufuata ambulensi. Mke wangu akabaki pale, kaipa kona mgongo.

"Nenda kazuie magari," akaniambia. "Mimi huyu siwezi kumwachia."

Nikaenda upande wa pili wa kona, kifua mbele. Lori la mihogo likatokea. Nikapunga mkono kwenda chini, taratibu, kistaarabu. Dereva akaona mwalimu anaomba lifti. Akaniashiria kwamba amejaa, akakanyaga mafuta. Juu ya magunia bibi mmoja akanipungia.

"Mwakeye, mwalimu."

Nami, mtoto wa Tanga niliyefundishwa kwamba salamu haipiti bure, nikaitikia. Nikaulizia na watoto. Nilipokumbuka kupiga kelele, lori lilikuwa limeshakata kona.

Nikasikia breki, kisha kimya. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilikimbia nikimwomba Mungu, mkono mmoja umeshika suruali.

Lori lilikuwa limesimama karibu kabisa na visigino vya mke wangu. Vumbi lilikuwa limemfunika yeye na mgonjwa wake, na mikono yake ilikuwa pale pale. Hakugeuka hata kunitazama.

"Koti langu la kazi limo kwenye mkoba. Livae, urudi kule."

Lile koti jeupe lilinibana makwapa, na vifungo vilikataa kukutana na matundu yake juu ya kitambi. Lakini dereva wa nchi hii akiona nguo nyeupe barabarani haulizi imetoka wapi. Gari lililofuata lilisimama lenyewe, dereva akashuka na leseni mkononi. Bodaboda niliyoiruhusu kutoka upande wa ajali ikaenda ikiwawashia taa wenzake, kuwatahadharisha kwamba konani kuna trafiki. Basi magari yakaja pole pole kama yanakwenda hitimani. Mmoja aliniita afande. Sikumsahihisha.

Ambulensi ikafika, ikamchukua utingo akiwa hai. Mke wangu alikuwa ananawa damu kwa maji ya chupa nilipomuuliza kwa nini hakuruka pembeni aliposikia lile lori.

"Ningeruka vipi?" akasema. "Shingo ya mtoto wa watu ilikuwa mikononi mwangu. Na kule konani nilikuwa nimekuweka wewe."

Nikageukia shambani, nikalia ndani ya koti lake.