Marahaba ya Tatu

Nilipokuwa na miaka mitano nilikuwa na rafiki ambaye hakuna aliyemwona ila mimi. Tulishinda naye juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mahindi, shambani kwetu Kwaluguru. Kazi yangu ilikuwa kugonga debe, yake kupiga kelele. Ngedere walikula wakashiba, maana mwenzangu alikuwa mvivu.

Mama aliogopa. Akasema ni shetani huyo, nipelekwe nikanyweshwe kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya dua. Bibi akakataa. "Hebu mwache mwana. Anajifunza kukaa na watu." Kisha akanigeukia mimi: "Na mwenzio mbona haniamkii? Mgeni gani asiye na adabu?"

Tangu siku ile nikawa naamkia mara mbili, shikamoo yangu na ya mwenzangu. Bibi aliitikia zote mbili, uso mkavu. Nilipoanza shule rafiki yule alipotea, hata siku yenyewe siikumbuki.

Kidato cha kwanza nilipelekwa bweni, Korogwe. Nilikuwa mpweke mpaka nikaichukia kengele. Likizo ilipokaribia niliamua: nikifika nyumbani, sirudi. Jumamosi moja, nikifua sare nyuma ya bweni, nilijikuta namweleza rafiki yangu wa dunguni uamuzi huo, kwa sauti. Msichana mmoja wa Makuyuni, ambaye vitanda vyetu vilipakana lakini hatukuwahi kusemezana, alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Unaongea na nani?"

Aibu ilinijaa. Nikatafuta uongo, nikaukosa, nikamwambia ukweli wote.

Hakucheka. "Mwambie asogee, na mimi nifulie hapo," akasema. "Na shule usiache. Mimi mwenyewe nalia kila siku, ila mimi nalilia chooni."

Hapo ndipo tulipocheka, mpaka povu likatuingia machoni. Nilijisikia mwepesi kuliko siku zote za muhula ule.

Kwao wakamruhusu aje kwetu wiki moja ya likizo. Tulimkuta bibi uani akipukuchua mahindi. Nikaamkia, akaitikia. Mgeni wangu akapiga goti, akaamkia, akaitikiwa. Kisha bibi akatazama pembeni yangu, pale palipokuwa patupu.

"Marahaba," akaongeza, uso mkavu vilevile.

Msichana wa Makuyuni aligeuka kutazama nani mwingine kaingia. Mimi machozi yalinitoka, na yalikuwa ya furaha.

Siku ya kurudi shule ilipofika, niliyetangulia kufunga begi ni mimi.