Faili la Marehemu Cleopa

Katika kibanda chake karibu na stesheni ya Kilosa, fundi Onesphory alikuwa na sheria moja: faili lililoharibika haliguswi. Linatolewa nakala, na nakala ndiyo inayoteswa. Sheria hiyo aliipata kwa kuivunja, siku alipofuta picha zote za harusi ya mwalimu mmoja. Mwalimu hajamsalimia mpaka leo, ingawa ndoa nayo haikuchelewa kuzifuata picha.

Jumatatu aliingia Hildegarda, mjane kutoka Lumuma, na laptop aliyoiviringisha kwenye kanga kama kichanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mume wangu."

Marehemu Cleopa alikuwa karani wa mradi wa umwagiliaji. Masika ya mwaka juzi banio la mradi, ukuta wa kukinga maji ya mto, lilibomoka, maji yakachukua watu watatu. Wakubwa walisema hawakupewa taarifa. Na mwenye kazi ya kutoa taarifa alikuwa karani. Cleopa alikaa kimya miezi saba, kisha akafa. Sasa binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kubatizwa Jumapili, na wazee wa ukoo walikataa arithi jina la babu yake. Jina hilo, walisema, limeshaua.

"Aliandika," Hildegarda alisema. "Nilimwona kwa macho yangu akiandika. Itoe barua hiyo, mjukuu wangu apate jina lake."

Kilichoua faili ni haki. Siku ya kuanua tanga, vitu vya marehemu viligawanywa pasipo upendeleo: laptop kwa mpwa wake Yared, chaja kwa shangazi wa Kidete, maana naye asingeondoka mikono mitupu. Yared akawa anafungua barua pepe za mjomba kwa betri aliyoichaji dakika chache kwa chaja ya kuazima, na kila mara ilizimika kabla programu haijafunga faili. Mara ya tano, barua za miaka tisa hazikufunguka tena.

Onesphory alitafuta chaja nyingine, akatoa nakala, akaanza kuitesa. Programu ya kurekebisha ilihesabu makosa elfu nne, ikakata tamaa. Nakala ya pili aliipitisha kwenye programu inayookota barua kipandekipande. Umeme ukakatika, akaanza upya. Alhamisi barua zilianza kutoka: nyingine hazina tarehe, nyingine zina salamu tu. Akatafuta neno "banio". Zikaja nne.

Ya kwanza ilisema wazi: kuna nyufa mbili, mvua ikizidi banio litaondoka na watu walio chini. Katika ya pili, "Ndugu Meneja" alikuwa amegeuka "Mheshimiwa Meneja". Ya tatu ilipandisha "kwa heshima na taadhima" hadi mstari wa juu. Katika ya nne, iliyoandikwa siku moja kabla ya maafa, watu walikuwa wameondolewa kwenye sentensi. Nyufa zilikuwa "zinaweza kuleta changamoto". Zote nne zilikuwa kwenye folda ya rasimu.

Barua ikichapwa, karatasi haisemi imetoka folda gani. Onesphory alilifikiria hilo usiku kucha, na Ijumaa Hildegarda akaja.

"Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

"Walimjibu nini?"

"Hawakujibu."

"Waliipata?"

Onesphory alifuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi. "Haikutumwa, mama. Alikuwa bado anaitia adabu."

Mjane alisoma zote nne, kidole kikifuata mistari. Kisha akatoa sauti fupi iliyokaribia kuwa kicheko. "Cleopa huyo. Mimi alinichumbia kwa barua tatu. Nilipata moja. Mbili nilizikuta sandukuni mwake baada ya harusi, zimejaa masahihisho."

"Nikuchapie ipi?"

"Ya kwanza. Hiyo yenye watu."

Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akapanda gari la kurudi Lumuma.

Jumapili jioni alipiga simu. Wazee waliisoma barua, alisema, tena kwa sauti. Waliusifu hata mwandiko, ingawa ni wa mashine. Kisha wakauliza ilipokelewa lini, na muhuri uko wapi.

"Na mtoto, mama?"

"Wamembatiza Goodluck."

Onesphory alitafuta neno la kumwambia, akapata pole. Akaisema.