Randa za Baba Zilivyogeuzwa Mapambo

Maua ya plastiki! Kwenye mdomo wa randa ndefu ya Baba, pale kisu kinapokaa, shemeji yangu amechomeka maua ya plastiki. Randa yenyewe imepakwa vanishi, imewekwa kando ya televisheni kwa kaka yangu Mwakio, huko Mwatate. Nikauliza kisu kiko wapi. Mwakio akacheka: "Ah, visu vyote tulitoa, bwana, vingekata watoto." Kijana wake, macho kwenye simu, naye akaniuliza, "Baba mdogo, kwani hii ilikuwa pasi ya makaa?"

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu hapa Voi, karakana ya Baba ilinuka mvule na gundi. Maranda yalitoka yamejikunja, sisi tunayavaa kama bangili, wasichana wanayafanya nywele za kizungu. Mama akileta kimanga, ile mihogo iliyopondwa na maharagwe, tunakula na vumbi la mbao humo humo, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Jioni ilikuwa zamu yangu. Nafungua kabari, natoa kisu, nakipaka mafuta ya cherehani, nakirudisha kikiwa kimejificha ndani kidogo. Kila kisu na kabari yake vilichongwa alama moja na randa yake, maana cha huyu hakikai kwa yule. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya mikebe ya oili chafu, mchwa wasipande. Nikikosea tu, Baba huyo: "We! Randa hailali kifudifudi. Laza ubavu!"

Mwakio alikuwa wapi? Shule ya bweni, kule milimani. Karo ya wawili ilipokosekana, mimi ndiye niliyetolewa, darasa la tano. Yeye akirudi likizo anachinjiwa kuku, mimi napewa shingo. Nilimeza. Wivu ninao mpaka leo, sifichi. Lakini Baba alipofariki, mjomba wetu Mwandoe alisimama matangani akasema randa ziende kwa kifungua mimba. Mtu ambaye hajawahi kuranda hata kibao cha kukatia nyama!

Siku hizi meza ni za unga wa mbao uliogandishwa, chai ikimwagika zinavimba kama andazi, na watoto wetu hawaijui harufu ya mvule. Hayo nayavumilia. Lakini wewe Mjomba Mwandoe, ungali hai na masikio yako ni mazima. Uliamua mbele ya watu. Njoo basi mbele ya watu hao hao uniambie: mimi niliyezilaza randa zile kila jioni, nilikosa nini?